Grafu ya kimo cha ziwa inayosogea: mstari utembee, karatasi itulie

SWALI: Habari yako, mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ufuo hapa Kisumu, kwenye Ziwa Victoria. Kila asubuhi saa moja tunasoma kimo cha maji kwenye fimbo yenye alama za sentimita, na sasa tuna jedwali la Excel la miaka miwili, 2022 na 2023: safu ya tarehe na safu ya kimo, basi. Nataka grafu inayosogea, mstari ukue siku baada ya siku, niionyeshe mkutanoni kwa projekta kisha niitume kwenye kundi letu la WhatsApp. Nimejaribu gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri, nikapata GIF, faili la picha inayosogea, lakini mhimili wa kando unarukaruka, mahali fulani mstari unaporomoka hadi sifuri kama vile ziwa limekauka, faili ni zito, na kwa simu za wenzangu linafika kama picha iliyoganda. Kuna wiki tatu fimbo iling'oka na hatukupima. Wazee nao wanataka kuona kimo cha 1964 kwenye grafu hiyo hiyo. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye jedwali, katibu. Gnuplot tutaifikia, lakini nusu ya matatizo uliyoyataja yamo ndani ya Excel, na mojawapo limo kwenye fimbo yenyewe.

Tazama kwanza safu ya tarehe bila kugusa kitu. Excel husogeza tarehe halisi upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi ya kawaida upande wa kushoto. Ukiona tarehe nyingine ziko kulia na nyingine kushoto, kompyuta yako imewekwa mtindo wa Marekani, wa mwezi kwanza. Wewe uliandika 13/04/2023, yenyewe ikatafuta mwezi wa 13, ikaukosa, ikaiacha kama maandishi. Hiyo angalau inaonekana. Hatari ni 03/04/2023, ambayo imegeuzwa kimyakimya kutoka tarehe 3 Aprili kuwa 4 Machi. Sahihisha hizo kwanza. Kisha fungua safu mpya, andika =TEXT(A2,"yyyy-mm-dd"), ishushe hadi mwisho, uinakili na kuibandika kama thamani tupu. Mwaka-mwezi-siku ni mtindo usio na njia mbili za kusomwa.

Sasa zile wiki tatu. Mstari wako unaporomoka kwa sababu mtu alijaza 0 siku ambazo hamkupima. Sifuri ni kipimo, na gnuplot inaiamini. Ukifuta 0 na kuacha kisanduku kitupu, mstari utavuka pengo kwa kamba iliyonyooka, na mtazamaji atadhani mlipima. Andika NaN, herufi hizo tatu, yaani "si namba", kwenye kila siku isiyopimwa. Hapo mstari utakatika na kuanza tena upande wa pili, na pengo litaonekana kuwa pengo.

Lakini nina swali kabla hatujaendelea: fimbo iliporudishwa, sifuri yake ilirudi mahali pale pale? Fimbo ikizama kwenye tope sentimita 7 zaidi ya zamani, maji yale yale yatasomwa sentimita 7 juu zaidi. Kwenye karatasi hilo linaweza kupita bila kuonekana. Kwenye grafu inayosogea, mstari utapaa mara tu baada ya pengo, na kila mtu ukumbini atauliza ni mvua gani ile. Kama mna alama isiyohama, ngazi ya zege ya gati kwa mfano, pimeni kutoka alama hiyo hadi sifuri ya fimbo na mlinganishe na kipimo cha zamani kama kiliandikwa. Kama hakikuandikwa, chukueni vipimo vya ufuo wa jirani vya siku hizo hizo: tofauti kati ya fimbo mbili za ghuba moja, zikisomwa asubuhi tulivu, inapaswa kubaki karibu ile ile kabla na baada ya pengo. Ikihama kwa 7, toa 7 kwenye vipimo vyote vya baada ya pengo. Fanya hivyo kwenye safu mpya na uache ile ya asili ilivyo. Jedwali lililosahihishwa juu kwa juu haliwezi kurudishwa nyuma.

Na hiyo saa moja asubuhi msiiache. Upepo wa ziwani hupiga zaidi kuanzia mchana, na Ghuba ya Winam, hii yenu ya Kisumu, haina kina kirefu, kwa hiyo maji husukumwa na mawimbi huficha alama za fimbo. Kipimo kimoja cha saa tisa alasiri kati ya vya asubuhi kitaonekana kama mwiba kwenye mstari.

Jedwali likiwa safi, lihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, jina ziwa.csv, tarehe safu ya kwanza, kimo safu ya pili. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wa vichwa, kwa sababu gnuplot huruka kila mstari unaoanza nayo. Kisha lifungue kwa Notepad, si kwa Excel. Excel ikifungua CSV tena huzigeuza tarehe kuwa mtindo wake, na ukibonyeza kuhifadhi umerudi ulikoanzia. Ndani ya Notepad unataka kuona hivi (namba ni za mfano tu):

#tarehe,kimo
2022-01-01,212
2022-01-02,212
2022-01-03,NaN
2022-01-04,211

Usiache mstari mtupu katikati. Kwa gnuplot mstari mtupu ni mwanzo wa kipande kipya cha data, na amri za kuhesabu mistari huanza kuhesabu upya kwenye kila kipande. Matokeo yake ni mistari miwili inayokua kwa wakati mmoja, mmoja kutoka Januari na mwingine kutoka katikati ya grafu. Na kama mna safu ya mita juu ya usawa wa bahari, ambayo kwa ziwa hili ni elfu moja mia moja thelathini na kitu, ondoa koma ya maelfu kwenye visanduku. Koma ndani ya namba, kwenye faili linalotenganishwa kwa koma, ni ugomvi usio wa lazima.

Haya, mhimili unaoruka. Usipoambia gnuplot mipaka, hujipimia upya kwa kila picha: picha ya kumi ina siku kumi, basi inatanua siku hizo kumi zijaze karatasi nzima. Kwenye grafu tulivu huo ni msaada. Kwenye grafu inayosogea ni uongo, kwani jicho linaona mwendo bila kujua ni wa maji au ni wa karatasi. Tafuta kimo cha chini na cha juu cha miaka yote miwili, sentimita 148 na 231 tuseme, ongeza nafasi kidogo, na ufunge mhimili kati ya 140 na 240 kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Usihangaike kwamba hauanzi sifuri. Sifuri ya fimbo ni pale mlipoamua kuichimbia. Haina maana yoyote kwa ziwa. Ingekuwa ni grafu ya nguzo ya mvua ningesisitiza sifuri, kwa sababu urefu wa nguzo ndio kipimo chenyewe.

Watu wengi hufanya grafu isogee kwa kuhesabu mistari ya jedwali: picha ya 1 mstari mmoja, picha ya 2 mistari miwili. Kwa jedwali lenye mapengo hilo ni kosa la pili. Kama siku 21 hazimo, saa ya grafu itaruka wiki tatu kwa kupepesa jicho, na kupanda kwa maji kwa kawaida kutaonekana kama mafuriko ya usiku mmoja. Endesha kwa tarehe: kila picha iulize jedwali, nipe vyote hadi siku hii. Skripti nzima ndiyo hii, iandike kwa Notepad na uihifadhi kwa jina ziwa.gp kwenye folda moja na ziwa.csv:

set terminal pngcairo size 1280,720 font 'Arial,22'
set datafile separator ','
F = '%Y-%m-%d'
set xdata time
set timefmt '%Y-%m-%d'
set xrange ['2022-01-01':'2023-12-31']
set yrange [140:240]
set format x '%m/%y'
set lmargin at screen 0.12
set rmargin at screen 0.95
set ylabel 'Kimo cha maji, sentimita'
set grid
unset key
miezi = 'Januari Februari Machi Aprili Mei Juni Julai Agosti Septemba Oktoba Novemba Desemba'
t0 = strptime(F, '2022-01-01')
hatua = 3
mwisho = 243
do for [k=0:mwisho+36] {
  j = (k < mwisho) ? k : mwisho
  t = t0 + j*hatua*86400
  set output sprintf('picha/p%04d.png', k)
  set title sprintf('%d %s %d', int(tm_mday(t)), word(miezi, int(tm_mon(t))+1), int(tm_year(t)))
  plot 'ziwa.csv' using (timecolumn(1,F) <= t ? timecolumn(1,F) : NaN):2 with lines lw 4 lc rgb 'navy', \
    '' using (abs(timecolumn(1,F)-t) < 43200 ? t : NaN):2 with points pt 7 ps 2 lc rgb 'red'
}
unset output

Gnuplot huhesabu muda kwa sekunde, ndiyo maana kuna 86400, sekunde za siku moja, na 43200, nusu siku. Mstari wa buluu ni kila kipimo hadi tarehe t. Nukta nyekundu ni kipimo cha siku hiyo hiyo. Ikifika kwenye zile wiki tatu hutoweka, na gnuplot italalamika kwamba haikupata pointi halali. Ni onyo tu, si kosa. Mistari miwili ya lmargin na rmargin inapigilia kingo za grafu mahali pamoja, kwani hata mipaka ikiwa imefungwa, kitu chochote kinachobadilisha upana wa maandishi ya kando kinaweza kuusogeza mchoro pikseli chache, na jicho hukamata.

Nimeweka hatua ya siku 3 kwa sababu ya hesabu. Kutoka 1 Januari 2022 hadi 31 Desemba 2023 ni siku 730, yaani hatua 729 za siku mojamoja. Gawanya kwa 3 upate 243 kamili, kwa hiyo picha ya mwisho inaangukia Desemba 31 yenyewe. Ukichagua hatua ya 2 utaishia Desemba 30 na siku ya mwisho haitaonekana kamwe. Zile 36 za ziada zinarudia picha ya mwisho ili igande sekunde tatu. Bila hivyo video inakwisha wakati ule ule mstari unapofika, na hakuna aliyepata nafasi ya kuusoma. Jumla picha 280. Kwa picha 12 kwa sekunde ni sekunde 23 na ushei. Mkutano wa ufuo hauhitaji zaidi ya hapo.

Majina ya miezi nimeyaandika kwa mkono kwa makusudi. Ukiiachia programu, itaandika kwa lugha ya kompyuta, na mwezi wa nane utakuwa wa Kiingereza mbele ya wazee.

Kabla ya kuendesha, tengeneza mwenyewe folda inayoitwa picha. Gnuplot haiundi folda, itakuambia tu haiwezi kufungua faili. Baada ya ile alama ya \ mwisho wa mstari wa plot kusiwe na kitu chochote, hata nafasi moja. Hakikisha Notepad haikubandika .txt nyuma ya jina. Ukiandika njia ya faili ya Windows tumia alama moja za kunukuu au mkwaju wa mbele, kwa sababu ndani ya alama mbili za kunukuu \n ya folda inayoanzia herufi n inasomwa kama mstari mpya. Skripti inahitaji gnuplot 5 au zaidi. Amri show version itakuambia uliyo nayo. (Jina lisikupoteze: gnuplot, iliyoanza 1986, haikutoka kwenye mradi wa GNU.) Kwenye Ubuntu programu zote mbili utakazohitaji, gnuplot na ffmpeg ya kuunganisha picha kuwa video, zinakuja kwa sudo apt install gnuplot ffmpeg. Kwenye Windows, wakati wa kusakinisha gnuplot weka tiki pale inapouliza kama iongezwe kwenye PATH, orodha ya mahali Windows inapotafuta programu, la sivyo dirisha la amri halitaijua. Kisha, ukiwa ndani ya folda yako, gnuplot ziwa.gp.

Fungua picha tatu kabla ya kwenda mbele: p0000, moja ya katikati, na p0279. Zipitishe haraka moja baada ya nyingine. Kama kitu chochote isipokuwa mstari, nukta na tarehe kimesogea, rudi kwenye skripti. Kugundua sasa ni rahisi kuliko kugundua ukumbini.

Kuziunganisha ni amri moja ya ffmpeg:

ffmpeg -framerate 12 -i picha/p%04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p ziwa.mp4

Hapa ndipo tatizo la simu za wenzako lilipo. GIF ni mtindo wa zamani wa kubana picha: rangi 256 kwa kila picha, na mbinu chache sana za kuokoa nafasi pale picha mbili zinapofanana. Video ya MP4 huhifadhi zaidi kile kilichobadilika, na kwenye grafu yako kinachobadilika ni kipande kidogo cha mstari. Faili la sekunde 23 la aina hii kwa kawaida halifiki MB 2, na WhatsApp hulipokea kama video, linacheza hapo hapo. Lakini usiiache ile yuv420p. Picha za PNG zina rangi kamili, na ffmpeg ikiachiwa huchagua mtindo wa rangi ambao kompyuta inaucheza vizuri na simu nyingi zinaukataa. Ndiyo ile hali ya mimi naiona, wewe huioni. Mtindo huo wa yuv420p nao unataka upana na urefu vigawanyike kwa 2: 1280 na 720 ni sawa, 1281 itagoma.

Weka -framerate kabla ya -i. Ukiikosa, ffmpeg hudhani picha 25 kwa sekunde, na miaka yako miwili itapita kwa sekunde 11. Namba za picha nazo zifuatane bila kuruka, ndiyo maana nimezihesabu kwa k badala ya siku. Mtu akizipa majina p0003, p0006, p0009, ffmpeg inaishia kwenye pengo la kwanza. Na ukiiweka amri hiyo kwenye faili la .bat la Windows, andika %%04d badala ya %04d.

Kwa projekta, ukumbi wa mabati wenye madirisha wazi hauna giza. Unene wa 4 na herufi za 22 nilizoweka ni za chini kabisa. Ongeza hadi 6 na 26 kama watu wa nyuma wako mbali, na rangi ya njano au kijani hafifu usiiguse. Kwa simu, tengeneza toleo la pili la 720 kwa 720, maana grafu ya upana inakuwa ukanda mwembamba kwenye simu iliyosimama. Badilisha size peke yake, na idadi ya tarehe chini, kwa set xtics '2022-01-01', 15552000, ili zisipandane.

Kama shida yako ingekuwa mkutano peke yake bila WhatsApp, ningekushauri uache yote haya: chora grafu tulivu, iweke PowerPoint, ipe athari ya Wipe kutoka kushoto kwa sekunde 20. Tarehe haitahesabu na nukta haitakuwapo, lakini mstari utakua, kazi ya dakika tano.

Sasa wazee na 1964. Wana haki ya kuuliza. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliinua ziwa zaidi ya mita mbili, likafika kilele Mei 1964, na kilele hicho hakikupitwa hadi Mei 2020. Lakini vimo hivyo viwili husemwa kwa kipimo cha Jinja, kule Uganda, vyote karibu mita 13.4, na sifuri ya Jinja si sifuri ya fimbo yenu. Ukichora mstari wa 1964 kwenye grafu hii kwa kukisia, utaonekana kama kipimo halali na utanukuliwa hivyo. Njia ipo: ombeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ipime sifuri ya fimbo yenu dhidi ya alama ya usawa inayojulikana. Mkipata namba hiyo, kila sentimita yenu inageuka kuwa mita juu ya usawa wa bahari kwa kujumlisha tu, vipimo vya Jinja vinaweza kugeuzwa vivyo hivyo, na mstari wa 1964 unaingia kwa amri moja kabla ya do, mhimili ukiwa umepanuliwa kuufikia:

set arrow from graph 0, first K to graph 1, first K nohead dt 2 lw 3

ambapo K ni kimo hicho kwa vipimo vyenu. Kabla ya hapo, waonyeshe wazee alama ya maji ya zamani kwenye ukuta wa gati kama bado inaonekana, waisimulie wenyewe, na video ianze baada yao.